Dogo, usiende mwaloni wakati wa mbalamwezi tu

Ngoja kwanza. Umesema mmepata kazi ya tathmini ya mazingira ya barabara ya kando ya ziwa huko Kayenze, Jumatatu mnaanza, siku nne mmemaliza, majina ya kaya anayo mwenyekiti. Tumbo limenikata kusoma hivyo, maana ndo nilivyofanya mimi.

Tulifika mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, mchana, kipindi cha mbalamwezi. Mitumbwi imelala, vijana wanashona nyavu, mama mmoja na mihogo yake. Bosi wetu, mtaalamu mzima katoka Dar, kaangalia mchanga, "pako wazi, andika hakuna shughuli". Na mimi mtoto wa Mwanza niliyelelewa kwa dagaa nikaandika! Dagaa anafuata taa gizani, mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, watu wanapumzika, mtoto wa darasa la pili anajua hilo.

Mkandarasi wa barabara kaingia kipindi cha giza, mwezi hakuna. Mchanga uleule hauoni pa kukanyaga, dagaa mwanzo mwisho, akina mama wamegawana mchanga kwa mawe, kila mtu na sehemu yake, na wengi wanatoka Igoma huko na Buhongwa, kwenye daftari la mwenyekiti hawamo. Malori ya moramu yanapita, vumbi lote juu ya dagaa mbichi. Mnunuzi anaokota mmoja, anatafuna, krr, anatema, anaondoka. Siku ya pili akina mama wakakaa juu ya lundo la moramu na ndoo zao, greda halikuwaka siku tatu.

Ripoti tukaambiwa turudie, malipo yaliyobaki sikuyaona, vijana wa madodoso nikawalipa kwa kuuza pikipiki. Siku hizi natembea sana kwa mguu, watu wanadhani mazoezi, nawaacha wadhani hivyohivyo.

Bosi je? Eti "wewe mwenyeji ulitakiwa ujue". Wakati nilivyofungua mdomo aliniambia nijaze fomu! Akaongeza eti hao akina mama wapo ndani ya mita 60 za ziwa hawahesabiki. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia humo shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo, dagaa anaanikwa asubuhi jioni kashazolewa, kudumu au kuharibu kuko wapi hapo?

Nenda mara mbili, mbalamwezi na giza. Kipindi cha giza ufike alfajiri mitumbwi ikirudi, hesabu waliopo mchangani, daftari baadaye.

Za fomu za tathmini na posho ntakujibu nikikumbuka. We toka nje kwanza uangalie mwezi uko wapi, kabla hujalipia hiyo Noah.