Maswali ya Wasomaji: Msitu Uliokatazwa Katika Hadithi ya Watoto

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kaloleni, na ninaandika hadithi ya kutisha kwa watoto wa miaka 9 hadi 11, inayohusu ndugu wawili wanaoingia katika msitu waliokatazwa. Humo nimeweka mazimwi matatu, mafuvu yanayosema, na mzee wa kaya, yaani mlinzi wa msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ambaye mwishoni anabainika kuwa mchawi. Nilipowasomea watoto barazani walicheka, ilhali baba mkwe wangu, aliyekuwa akisikiliza, aliinuka na kuondoka bila kuaga. Je, niongeze mazimwi? Na je, ninaweza kuutaja msitu kwa jina lake halisi?

Mwalimu, Kaloleni

JIBU: Mwalimu, usiongeze zimwi hata moja, na ikiwezekana uyaondoe mawili. Watoto wamelizoea zimwi tangu kwenye ngano za jioni: wanajua kwamba litameza kijiji kizima, kisha litapasuliwa na watu watoke wakiwa hai. Kinachomtia mtoto hofu ni katazo lenyewe, hasa katazo dogo ambalo sababu yake haijasemwa.

Kwa jambo hili huna haja ya kwenda mbali. Makaya ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya yalianza katika karne ya 16 kama vijiji vyenye maboma vilivyofichwa ndani ya misitu. Kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamehamia nje, yakabaki makaburi, njia nyembamba, na fingo, yaani hirizi, lililozikwa ardhini kuwa kinga ya kaya. UNESCO iliingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini kwa muda mrefu kabla ya hapo misitu hiyo, iliyotawanyika pwani kwa takriban kilomita 200, ililindwa na miiko ya wazee: usikate mti, usitoke na kitu chochote. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kabla ya kuingia. Fikiria mtoto anavyojisikia anapofungwa kitambaa hicho na mtu mzima asiyemweleza ni kwa nini.

Basi chukua mwiko mmoja tu, ule wa kutotoka na kitu. Mdogo wa ndugu hao anarudi nyumbani salama, na mbegu moja imenasa kwenye pindo la kaptura yake. Msomaji ameiona, yeye hajaiona. Kuanzia hapo kila sauti itatisha, na sauti zenyewe huhitaji kuzibuni. Komba hulia usiku kama mtoto mchanga, na wapo ndege aina ya hondohondo ambao mlio wao wa mchana unakaribia kilio hicho hicho. Waache watoto hao wawili wasikie kilio nyuma ya jiko, mama aseme ni komba tu, kisha mama huyo huyo aamke kimya kufunga dirisha. Ukurasa huo utafanya kazi ambayo mafuvu yako yameshindwa, kwa kuwa mtoto huogopa kweli anapomwona mkubwa akiogopa na kuficha.

Kuhusu mzee, baba mkwe wako ana haki, na hapa sitakuwa na maneno laini. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wakati mwingine kwa mvi zao tu. Hadithi inayomfundisha mtoto wa Kaloleni kwamba mlinzi wa msitu ndiye mchawi inaongeza kuni kwenye moto unaowaka. Mzee wako anaweza kutisha bila kuwa mwovu: awe mtu anayejua kilichotoka msituni kabla hajaambiwa, na anayekuja mlangoni kukiulizia kwa upole.

Jina la kaya libuni. Kaya halisi ina wazee wake na makaburi yake, na lolote utakaloliweka humo watoto wataliamini; isitoshe, jina la kubuni litakupa uhuru wa kuchora njia na malango upendavyo. Ukitaka historia iingie, mwaka 1914 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliilipua kaya ya Wagiriama kwa baruti, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama, kuwaapisha watu humo wasitii amri za serikali hiyo. Wazo la lango lililolipuliwa ambalo bado husikika likifungwa usiku linanivutia kuliko mazimwi yako yote, ingawa pengine linafaa hadithi nyingine.

Kabla ya kuandika upya, mwendee baba mkwe wako umwombe radhi, kisha umwulize ni mwiko gani alioogopa zaidi alipokuwa mtoto. Ukimaliza sura ya kwanza, isome barazani baada ya magharibi na usimame pale kilio kinaposikika mara ya pili. Wakikuomba uendelee, tutumie sura hiyo. Kurasa zisizidi nane.