Siku za Kwanza za Tumbawe Jipya Katika Tangi la Nyumbani

Kipande changu cha kwanza cha tumbawe la jamii ya Acropora kilikufa katika muda wa siku nne, na kwa miezi mingi niliyalaumu maji. Nilikuwa nimeyapima tena na tena: joto lilikuwa nyuzijoto 25 za selisiasi, chumvi ilikuwa gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na nitrati ilikuwa kidogo tu. Nilichelewa kutambua kwamba nilikiua kwa mwanga. Nilikitoa kwenye mfuko ambamo kilikuwa kimekaa gizani tangu siku iliyotangulia, nikakipandisha juu kabisa ya mwamba, chini ya taa, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba jamii hiyo hupenda mwanga mkali. Kupenda hupenda, ila si siku ya kwanza.

Matumbawe mengi tunayoyafuga huishi na mwani mdogo mno uliomo ndani ya nyama yake. Tumbawe huupa mwani huo makao, nao hutumia mwanga kulitengenezea sehemu kubwa ya chakula chake. Mwanga unapozidi ghafla, mwani huanza kuzalisha kemikali za oksijeni zinazodhuru seli, na tumbawe hujiokoa kwa kuufukuza. Hapo ndipo rangi hupotea na mifupa myeupe ya chokaa huonekana kupitia nyama iliyobaki angavu. Tumbawe la namna hiyo bado ni hai na linaweza kupona, lakini limefukuza mpishi wake.

Kwa hiyo, liweke tumbawe jipya chini, karibu na mchanga, au upunguze nguvu ya taa, kisha uongeze mwanga kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Usiliamini jicho lako katika jambo hili, kwani mwanga wa buluu huonekana hafifu kwetu ilhali kwa tumbawe ni mkali sana.

Kuhusu maji, wanaoanza huhangaika kuliko inavyohitajika. Elesha mfuko ukiwa umefungwa juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha pima chumvi ya pande zote mbili. Zikikaribiana, hakuna faida ya kudondosha maji kwa saa tatu huku ndoo ikipoa. Zikitofautiana, ongeza maji ya tangi kwenye chombo chenye tumbawe kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa hivi. Maji ya mfuko yamwage. Yasiingie kamwe katika tangi lako.

Lililo zito zaidi ni wageni wanaokuja pamoja na tumbawe. Minyoo bapa wanaokula Acropora hufanana rangi na nyama wanayoila, na konokono wadogo wasio na gamba hujificha upande wa chini wa Montipora, jamii nyingine ya matumbawe, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Lioshe kila tumbawe katika bakuli la pembeni lenye maji ya tangi na dawa ya kuogeshea matumbawe, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, huku ukilipulizia maji kwa bomba dogo ili wadudu waachie. Kisha chunguza kilichoanguka kwenye bakuli. Dawa hizo kwa kawaida haziui mayai, na ndiyo maana mimi huking'oa kitako ambacho tumbawe lilikuja limebandikwa juu yake na kukitupa, hukwangua mayai ninayoyaona, na kulitenga tumbawe katika tangi dogo kwa wiki sita, nikirudia kuliogesha kila wiki. Ukikuta anemoni wa jamii ya Aiptasia, usimkate, kwa maana kipande kidogo kinachobaki huota kikawa anemoni mwingine.

Vaa glavu na miwani ya kukinga macho unaposhika matumbawe ya jamii za Zoanthus na Palythoa. Baadhi yake yana palitoksini, sumu kali mno inayoweza kupenya kwenye jeraha au kurukia jicho. Mwamba wenye matumbawe hayo usiuchemshe wala kuumwagia maji ya moto, kwa kuwa mvuke wake umewahi kuwapeleka watu hospitalini.

Wakati wa kulipandisha mahali pa kudumu, kumbuka kwamba majirani hupigana. Galaxea, jamii nyingine ya matumbawe, hunyoosha minyiri mirefu usiku na kuunguza chochote inachokigusa. Mimi huiachia sentimita 20 kila upande. Ukisha kulibandika kwa gundi nzito, ondoa mkono. Tumbawe linalohamishwa kila siku halipati nafasi ya kuzoea mwanga wala mkondo wa mahali popote, na kulimwagia chakula likiwa limejifunga ni kuyachafua maji tu.

Hilo la kutolihamisha tumbawe nilifundishwa na tumbawe laini la jamii ya Sarcophyton. Lilifunga polipi zake zote, yaani vile vinywa vidogo vyenye minyiri, likawa linang'aa kama lililopakwa nta, nami nikalihamisha mara tatu kwa wiki moja nikidhani linakufa. Kumbe lilikuwa linabadilisha utando wake wa nje, jambo ambalo jamii hiyo hulifanya mara kwa mara ili kuondoa uchafu na mwani uliojishika. Siku ya tisa utando ulichanika, ukachukuliwa na mkondo wa pampu, na kufikia jioni polipi zilikuwa zimechomoza zote.