Nusu pishi na kibaba

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na unga mikononi. Waniuliza kama mwanafunzi wa ualimu aliyeharibu somo mbele ya mhadhiri aliyekuja kumkagua anafaa kuwa mwalimu, au upande basi hapo Malindi, ushukie Mokowe, uvuke urudi zako nyumbani Lamu.

Dakika 35 kuisha kabla hujafika kwenye zoezi, hilo silioni kubwa. Lililonikaa ni lile ulilolitaja mbiombio: yule mtoto aliyejumlisha nusu na robo akapata mbili juu ya sita. Ukamwambia "si hivyo", ukamwita mwingine. Na yeye, umesema mwenyewe, hakuinua mkono tena.

Yule hakubahatisha. Alijumlisha namba za juu, akajumlisha za chini, kama alivyozoea kujumlisha siku zote. Tena kuna mahali hesabu yake ni sawa: akipiga penalti mbili akafunga moja, kisha akapiga nne akafunga moja, amefunga mbili katika sita. Ungemuuliza tu, "Umepataje?" Halafu umuulize kama nusu chapati ukiiongezea kipande yaweza kupungua, maana mbili juu ya sita ni theluthi, na theluthi haifiki nusu. Angecheka mwenyewe.

Wakumbuka mchele wa zaka ya fitri, mfungo ukiisha, nilivyokuwa nikikupa kibaba, kile kipimo cha nafaka, upime, vinne kwa kila kichwa? Pishi ni vibaba vinne. Nusu pishi na kibaba kimoja ni vibaba vitatu. Ulikuwa ukijibu hata kabla ya kuanza kuandika vizuri. Ile nusu uliigeuza vibaba viwili kwanza, ndipo ukajumlisha. Somo lako lilikuwa hilohilo. Najua kuanzia darasa la nne mwatakiwa kufundisha kwa Kiingereza, na kibaba hakimo kitabuni (siku hizi hata fitri watu wapima kwa kilo), lakini mkebe mmoja na mchanga vingekutosha.

Nami sikusemi kama niliyekamilika. Nilipokuwa nikisomesha madrasa hapa Langoni, kuna mtoto kila akifika kwenye sini, herufi ya s, aisoma the, ile ya th. Nilimkaripia siku tatu. Ya nne ndipo nilipomtazama mdomo: meno ya mbele yote mawili yameng'oka!

Kama wafaa, mimi sijui bado, wala huyo mhadhiri hajui kwa somo moja. Kesho mwite yule mtoto ubaoni, useme mbele ya wenzake, "Jana nilikupita, hebu nionyeshe ulivyofanya." Ukishindwa kulisema hilo kwa kuona haya, nipigie, tuzungumze habari ya basi.

Mamako