Kabla hujasema "yaishe": kwa mliokabidhiwa dawati la malalamiko ya udhalilishaji na ubaguzi chuoni

Nimeona tena wiki hii. Afisa mpya, kijana mchapakazi na mwenye nia njema, aliletewa malalamiko asubuhi na msaidizi wa maabara. Kufika mchana alikuwa keshamwita na mlalamikiwa, kawakalisha meza moja, kafunga mlango na kuwaambia waongee kama watu wazima ili yaishe. Alitoka pale akiamini ameokoa jahazi.

Wadogo zangu, mmeshapita semina elekezi, sera mmeisoma na mnajua fomu ipi inakwenda ofisi ipi. Nataka kusema yale ambayo semina huyapitia mbio, maana yanaumiza watu kila mwaka na sisi tunayatazama.

1. Usisuluhishe. Wahadhiri wawili wakigombania ratiba ya vipindi au chumba cha ofisi, wasuluhishe, ni kazi nzuri. Mtu akikuletea habari ya kushikwashikwa, kutishwa, kudhalilishwa au kudaiwa ngono ili asainiwe karatasi, hapo hakuna pande mbili zilizokosana. Kuna mmoja mwenye mamlaka na mwingine anayeyategemea mamlaka hayo.

Katika idara moja niliyokuwa naiandikia mihtasari, mkufunzi msaidizi wa kike alikwenda kwa mkuu wa idara. Msimamizi wake wa utafiti alikuwa akimtumia ujumbe usiku wa manane, na siku moja alimshika kiuno ofisini, mlango umefungwa. Mkuu wa idara alimwamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa heshima, aliyewalea wengi wetu kitaaluma. Aliwaza jina la binti, akawaza jina la idara, akaona njia ya upole ni kuwaita wote wawili. Nikaitwa kuandika.

Msimamizi alisema, "Kama nilimkwaza, namwomba radhi." Mkuu wa idara akamgeukia binti: "Umeridhika?" Yule bwana amekaa karibu naye kiasi kwamba viwiko vinakaribia kugusana. Binti alitazama meza, akasema ameridhika. Nikaandika: Mlalamikaji ameridhika, shauri limefungwa. Wote wakasaini.

Ujumbe wa usiku ulikoma kweli. Na maoni kwenye sura za tasnifu yake yakakoma pia. Sura ya tatu ilikaa juu ya meza ya msimamizi muhula mzima. Jina lake likatoka kwenye orodha ya safari ya kukusanya data, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Mkataba ulipofika ukingoni, fomu ya tathmini ilisema amepungukiwa ari ya kazi, na aliyeijaza ni yuleyule. Akaondoka.

Baadaye alikuja mwingine, malalamiko yaleyale, msimamizi yuleyule. Safari hii yalifika kamati ya nidhamu. Kamati ikafungua jalada la zamani ikitafuta kama kuna mwenendo, ikaukuta ule muhtasari, na mtetezi wa mlalamikiwa akasimama kuusoma kwa sauti: mlalamikaji ameridhika. Tulimpigia simu yule wa kwanza tukimwomba aje kutoa ushahidi. Akasema, "Mlinikalisha naye meza moja. Leo mnataka nije nikae tena?"

Kilichotakiwa siku ile kilikuwa kidogo mno: kumsikiliza peke yake, kuandika anachosema, kumuuliza anahitaji nini kuanzia kesho asubuhi, kumbadilishia msimamizi, na kupeleka taarifa panapohusika siku hiyohiyo.

2. Andika maneno yenyewe. Nafungua majalada yenu nakuta "alimfanyia vitendo visivyo vya kimaadili". Kamati haiwezi kufanya kazi na sentensi hiyo. Andika siku, saa, chumba, nani alisema nini kwa maneno yake, nani alikuwepo, nani aliambiwa mara baada ya tukio. Kama neno lililotamkwa ni la matusi, liandike hivyohivyo bila kulipamba. Mshauri mlalamikaji ahifadhi ujumbe wote, ukiwemo aliojibu kwa adabu au kwa kucheka, kwa sababu wengi huufuta huo wakidhani utawahukumu. Anayemtegemea mtu kwa alama au mkataba hucheka ili apite salama, na kamati inayojua kazi yake hulielewa hilo.

3. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema tangu mwanzo: nitawaambia wanaolazimika kujua tu, nami nitakujulisha kabla sijawaambia.

4. Chunga sana maneno "sababu binafsi" kwenye barua za kuacha kazi. Carmita Wood alikuwa mfanyakazi wa ofisi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Aliacha kazi mwaka 1974 baada ya kuchoshwa na profesa aliyekuwa akimgusagusa, hadi mwili wenyewe ukaanza kuuma kwa msongo. Alikuwa ameomba kuhamishiwa idara nyingine, hakuhamishwa. Alipokwenda kudai mafao ya kukosa kazi akaulizwa kwa nini ameacha, alishindwa kulieleza, ikabaki kwamba ni sababu binafsi. Akanyimwa mafao. Mwaka 1975 yeye na wenzake waliitisha mkutano wa hadhara katika mji wa Ithaca, wanawake wakasimama mmoja baada ya mwingine kusimulia yao. Nusu karne imepita, na bado napokea barua za namna hiyo kutoka kwa makatibu muhtasi, wasaidizi wa maabara na wahadhiri wasaidizi. Ukiona mtu mzuri kazini anaondoka ghafla kwa sababu binafsi, mtafute mzungumze kabla jalada lake halijarudi masijala.

5. Kazini hakuishii getini. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahesabu humo safari za kikazi, mafunzo, hafla, malazi yanayotolewa na mwajiri, njia ya kwenda na kurudi kazini, na mawasiliano ya simu na mtandao. Unawalinda pia walio kwenye mafunzo kazini, wanaojitolea, walioachishwa kazi na wanaoomba kazi. Kwa hiyo msiniambie tena "lilitokea hotelini kwenye kongamano, halituhusu", wala "yule ni wa mafunzo kwa vitendo, si mtumishi wetu".

6. Ubaguzi mara nyingi hauji na mlalamikaji. Unaukuta kwenye ratiba: mama anayenyonyesha kapangiwa vipindi vya jioni siku zote, mhadhiri anayetumia kiti cha magurudumu kapewa darasa la ghorofa ya tatu lisilo na lifti. Unaukuta kwenye usaili, mwanamke anaulizwa atazaa lini na mwanamume aliyemtangulia aliulizwa machapisho yake. Kila kikao, mwanamke pekee aliyemo ndiye anayeambiwa achukue muhtasari. Mkataba Namba 111 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1958, unaohusu ubaguzi kazini, unataja rangi, jinsi, dini, maoni ya kisiasa, asili na kadhalika, na vyuo vingi vimenakili orodha hiyo kwenye sera zao. Orodha mnayo. Sasa kaeni chini na ratiba ya muhula huu muisome mkiwa nayo mkononi.

7. Mlalamikiwa ana haki ya kujua anatuhumiwa nini na muda wa kutosha kujibu kwa maandishi. Mpe yote, tena vizuri. Mashauri mengi ya kweli huanguka kwenye rufaa kwa sababu mtu alipewa barua ya kujieleza leo na kuadhibiwa kesho.

8. Watu wajue mlango wako uko wapi. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliposhtaki chuo chao, hoja yao kubwa ilikuwa kwamba hapakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko dhidi ya profesa. Mahakamani hawakushinda, rufaa yao ilitupwa mwaka 1980, lakini chuo kiliishia kuweka utaratibu wa kupokea malalamiko. Vyuo vingine vikafuata. Utaratibu huo ndio uliokupa hicho kiti. Bandika tangazo mabwenini, maabara, jikoni, chumba cha walinzi. Hakikisha wapokeaji ni zaidi ya mmoja na wa jinsi zote mbili, maana siku moja mlalamikiwa atakuwa rafiki yako au bosi wako, na mlalamikaji atahitaji mlango mwingine.

9. Baada ya shauri, weka tarehe kwenye kalenda yako: mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita. Mpigie mlalamikaji umuulize mambo yanayoshikika: nani anasimamia tasnifu yake sasa, nani amejaza tathmini yake, amepangiwa vipindi gani, jina lake bado liko kwenye andiko la utafiti au limeondolewa. Akijibu "niko sawa" tu, muulize tena, moja baada ya jingine, na uandike majibu kwenye jalada.