Uliza Mama wa Batiki: "Jirani anasema nimeletewa kitenge"

SWALI: Shikamoo mama. Mdogo wangu amerudi kutoka Yogyakarta, Indonesia, akaniletea batiki ya kahawia na buluu, mita mbili na nusu hivi. Jirani yangu anasema hicho ni kitenge tu, kwa sababu maua yanajirudia yaleyale. Mbele na nyuma rangi ni sawa, ila kila baada ya shubiri moja kuna mahali mistari haikukutana vizuri. Nataka kuitundika sebuleni. Ni batiki kweli? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo mistari ilipopishana ndipo fundi alipoinua muhuri wake akaupachika upya. Wajava, watu wa kisiwa cha Java ulipo mji huo wa Yogyakarta, wanauita *cap*: vipande vya shaba nyekundu vilivyokunjwa vikafanya ua, unachovywa kwenye nta ya moto na kukandamizwa kitambaani. Kikipakwa rangi, palipo na nta hapashiki, kisha nta inachemshwa itoke. Mihuri hiyo ilianza karne ya 19. Kwa hiyo ni batiki, na ni kazi ya mkono.

Ya ghali zaidi huchorwa kwa *canting*, kikopo kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba kama wa birika. Mchoraji anakipuliza kwanza nta isizibe, ndipo anavuta mstari. Kitambaa kimoja kinaweza kumla miezi. Hapo hutapata maua mawili yanayofanana kabisa.

Jirani msamehe. Waholanzi waliiga batiki ya Java viwandani tangu karne hiyohiyo, wakaja kutuuzia sisi Waafrika. Kiwanda cha Vlisco cha mji wa Helmond, Uholanzi, kipo tangu 1846. Ndiyo maana kuangalia nyuma peke yake hakutoshi: kitenge cha wax cha kweli nacho kimeshika rangi pande zote mbili. Tazama pindo. Cha kiwandani mara nyingi kina maandishi ya kiwanda, na michoro yake haikosei kukutana.

Kitu kimoja kitakushangaza. Huku Dar mimi napaka nta ya mishumaa kwa sponji, na ikikauka naifinyanga makusudi ipasuke, rangi ipenye, itoke ile mishipa ambayo wateja wangu wanaigombea. Mafundi wa jadi wa Java wanachanganya nta ya nyuki na utomvu ili isipasuke. Mishipa hiyo kwao ni kazi mbovu!

Kufua: maji baridi, sabuni laini kidogo, usikamue, na sabuni ya unga wala dawa ya kung'arisha isikaribie. Anika kivulini. Nilishawahi kusahau kitambaa changu juani tangu asubuhi hadi alasiri. Upande wa juu ukapauka kama kaniki ya shambani. Sijakiuza hadi leo, nakifutia meza.

Kutundika: usitie gundi wala misumari. Shona mfuko wa marekani nyuma, upande wa juu, upitishe ufito, na ukae mbali na dirisha. Baada ya miezi michache kishushe kipumzike, umekizungushia bomba lililofunikwa marekani. Ukikikunja palepale kila siku, kitakatikia hapo.

Ila muulize mdogo wako alilipa kiasi gani. Kama aliuziwa kwa bei ya *canting*, alipigwa.