Namna ya Kuzifaidi Hadithi za Upelelezi na za Taharuki

Watu kadhaa hapa Lamu wamenieleza kwamba riwaya za upelelezi haziwavutii tena, na nikiwauliza wanavyozisoma, hunijibu kuwa huzikimbilia kurasa hadi usiku wa manane ili wamjue muuaji, basi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo utamu unapopotea. Hadithi hizi ni za namna mbili, na kila namna ina usomaji wake. Iko ile inayotutaka tumtambue mtenda maovu na sababu iliyomsukuma, na iko ile ambayo adui tunamjua tangu mapema, ila roho zinatudunda kwa kutojua mambo yataishia wapi.

Ile ya kwanza isomwe polepole, na ikiwezekana isomwe na wenzako. Sisi marafiki wachache wa mtaa wa Langoni hukutana barazani baada ya sala ya isha. Mmoja husoma sura moja au mbili kwa sauti, kisha kitabu hufungwa hata kama kila mtu anatamani kiendelee, kwa kuwa mabishano yanayofuata ndiyo nusu ya raha yenyewe. Tulipoisoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, tulivutana sana juu ya mahali maiti ilipokutwa. Ilikutwa mzimuni, mahali ambapo wenyeji wanapaogopa. Mmoja wetu akashikilia kwamba muuaji hawezi kuwa mtu anayeamini mizimu; mwingine akamjibu kwamba hofu ya watu ni maficho mazuri kwa mtu yeyote, awe anaamini au haamini. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, hababaishwi na uvumi wa mizimu. Huvuta kiko chake na kupima kila neno analoambiwa. Nakushauri umuige. Kabla ya kuzifikia sura za mwisho, chukua penseli uandike jina la kila mshukiwa, alidai kuwa wapi, ni nani aliyemwona huko, na kifo kile kinamfaidi vipi. Kisha umfikirie kwa makini yule ambaye hukuona haja ya kumwandika.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: usikubali mtu akutobolee siri. Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alichapisha The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926, na wasomaji waligombana kama mwandishi aliwatendea haki kwa mwisho ule au la. Ugomvi huo una ladha kwa aliyefika mwisho bila kuambiwa, na aliyekwisha kuambiwa hawezi kuurudia ujinga wake.

Hadithi za taharuki ni kinyume chake, zinataka mbio. Visa vya Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, ukivisoma kurasa tano leo na tano wiki ijayo, vinapoa. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, aliueleza vizuri mpango wa taharuki: watu wawili wanaongea mezani, na bomu limo chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji watashtuka kwa muda mfupi tu. Lakini watazamaji wakilijua bomu hilo mapema, na saa ikaonekana ukutani, yale mazungumzo ya kawaida kabisa yatawakosesha raha dakika zote. Na filamu yake ya Psycho ilipotoka mwaka 1960 alitaka mtu yeyote asiingizwe ukumbini baada ya kuanza. Nawe fanya hivyo nyumbani: zima simu, maliza shughuli za jikoni, ukae mpaka mwisho, maana ukiukosa mwanzo huijui hatari yenyewe, na usipoijua huwezi kuiogopa.

Filamu zinazotegemea damu na mateso peke yake mimi siziangalii, wala sipendi ziwashwe watoto wakiwa macho. Hazimwachii mtazamaji chochote cha kuwaza.

Riwaya ya upelelezi ukishaimaliza, usiirudishe rafuni siku hiyo hiyo. Anza upya sura mbili za mwanzo, ukizisoma ukiwa tayari unamjua mhalifu, na umsikilize anavyojibu maswali, anavyochelewa kujibu, na mwandishi anavyokupeleka macho kwingine wakati ushahidi uko mbele yako.