Sledi yangu haikati skwea, kosa liko wapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimejitengenezea sledi ya msumeno wa meza (kile kitako kinachoteleza juu ya meza kupeleka mbao kwenye bledi) kwa plaiwudi ya mm 18, fensi, yaani ule ubao wa kuegemezea mbao, nimeifunga kwa skrubu 4 kutokea chini baada ya kuipima na skwea (kipimo cha kona ya digrii 90) mpaka nikaridhika. Sasa nikikata vipande vya fremu za milango ya kabati, kona tatu zinabana fresh, ya nne inapiga miayo. Nikiweka skwea kwenye kipande naona kiko sawa kabisa. Hadi bledi nimebadilisha. Tatizo nini? Na je, ule mwanya naweza kuuziba kwa gundi na vumbi la mbao?

JIBU: Salama ndugu yangu. Bledi haina kosa, kama ile ya zamani bado inauma irudishe tu. Kinachokudanganya ni hiyo skwea, manake ni fupi. Chukulia fensi imekosea mm 0.2 kwenye urefu wa mm 400, ukiweka skwea yenye mkono wa mm 100 utakachotakiwa kukiona ni mm 0.05, nusu ya unene wa karatasi, hapo hata uwe na jicho la mwewe huoni kitu. Lakini fremu ina kona nne na kila kona inaleta kideni chake, tatu za mwanzo unazibana na klampu zinatii, deni lote linaenda kulipwa na ya nne.

Kabla hujagusa skrubu angalia vumbi kwanza. Nimeshawahi kuhangaika nusu siku na sledi kumbe kuna kipunje cha mbao kimekaa pale fensi inapokutana na kitako cha sledi. Tangu siku hiyo kila fensi ninayotengeneza ule ukingo wa chini naupiga randa kidogo kwa mshazari, vumbi linapata pa kuingia na mbao inagusa fensi yenyewe. Afu shika sledi uitikise kushoto kulia, kama reli (kile kipande chembamba chini ya sledi) inacheza kwenye mfereji wa meza hesabu zote ninazokupa hapa ni kazi bure, tengeneza reli kwanza. Na kama inabana sehemu, ipake penseli ubavuni, sukuma mara mbili tatu, pale penseli ilipofutika ndo panapokwaruza, papunguze kidogo kidogo na msasa halafu sugua mshumaa. Usipake mafuta, yanaingia kwenye mbao na baadae vanishi haishiki.

Sasa dawa yenyewe ni kukata mara tano. Tafuta kipande cha plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) kama mm 400 kwa 400, mbao ya kawaida hapana. Kiweke kushoto kwa bledi, fensi iwe upande wako. Kata ukingo wa kulia, kiasi chochote, hata unene wa bledi tu. Zungusha kipande kufuata saa ili ule ukingo uliokatwa sasa hivi ndo uegemee fensi, kata tena. Zungusha, kata. Zungusha, kata. Hapo pande zote nne zimekatwa. Zungusha tena, na kwenye mkato huu wa tano kata kipande cha upana kama mm 25, hicho ndo tunakitaka, kabla hakijaanguka andika F kwenye ncha iliyokuwa kwenye fensi... samahani, ninachomaanisha uandike kabla ya kukata, msumeno umezimwa, usije ukanyoosha mkono kuokota kipande bledi inazunguka.

Chukua kalipa (kipimo cha taya cha kupimia unene) upime upana wa ncha zote mbili. Tuseme ncha ya F ni mm 25.8 na ile ya mbali ni mm 25.0. Tofauti ni 0.8. Gawa kwa 4, kwa sababu kosa limejirudia kona kwa kona mpaka likawa mara nne, unapata 0.2. Hilo ndo kosa lako halisi kwenye urefu wa mm 400. Na ndo uzuri wa hii njia, kosa usiloliona umelivuta hadi limekuwa kubwa la kupimika.

Kurekebisha: toa skrubu mbili za katikati, ya kulia kabisa ilegeze kidogo tu ibaki kama bawaba. Pima kutoka hapo mpaka skrubu ya kushoto kabisa, tuseme mm 600. Chukua 0.2 gawa kwa 400 zidisha kwa 600, jibu 0.3. Ncha ya F ikiwa pana, mkono wa kushoto wa fensi usogee mbele, yaani mbali na wewe. Ikiwa nyembamba, uvute kwako.

Utasogezaje mm 0.3 kwa mkono? Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa kama mm 0.1, ipime na kalipa uhakikishe. Kabla hujalegeza ile skrubu ya kushoto, weka kibao mbele ya fensi palepale ilipo skrubu, katikati yao chomeka vikaratasi vitatu, bana kibao na klampu kwenye kitako cha sledi. Kisha toa skrubu ya kushoto, toa vikaratasi, sukuma fensi mpaka iguse kibao, ibane. Basi imesogea 0.3. Kama ni ya kuvuta, kibao na vikaratasi vinakaa nyuma ya fensi.

Hapa ndo wengi wanapoharibu: usirudishe skrubu kwenye tundu lake la zamani, itairudisha fensi palepale ilipokuwa. Toboa tundu jipya pembeni kama sm 2. Rudia kukata mara tano, ukipata tofauti ya 0.1 au chini ya hapo acha, ndo ufunge zile za katikati nazo kwa matundu mapya. Gundi usitie kabisa, siku moja utahitaji kuirekebisha tena.

Halafu sijaona ukitaja kibao cha nyuma. Bledi ikipita fensi inatokea upande wako, palipo na vidole gumba, funga hapo kipande kinene cha mbao ijifiche humo.

Kuhusu gundi na vumbi, kwa mwanya mwembamba kama ukucha na fremu ya kupakwa rangi, ziba. Kama unapaka vanishi usijaribu, patatokea doa. Na usidhani panashikilia chochote, ule mchanganyiko unaficha tu, kwa hiyo hiyo kona ya nne itie dowel (kijiti cha mbao cha kuunganishia) au skrubu kabla mlango haujaanza kufunguliwa na kufungwa.